Maswali Yenu: Nimeandika, Sasa Niposti au Nifiche?

Jamani mwezi huu mmeniandikia kweli kweli. Karibu barua zote zinamhusu mtu yule yule, yani yule anayeandika usiku kwenye simu watu wakiwa wamelala, hajawahi kumwonyesha mtu au alimwonyesha mtu mara moja akajuta, na sasa anataka kuipeleka kazi yake mtandaoni ila hajui aanzie wapi. Nimechagua sita. Zilizouliza kitu kimoja nimeziunganisha, na ndefu nimezikata kidogo, mnivumilie.

SWALI: Dada shikamoo. Nina miaka 19 na nina hadithi fupi 14 kwenye simu, zote nimezimaliza kabisa, hakuna mtu amewahi kuziona hata rafiki yangu wa karibu. Kila nikitaka kuposti naandika kapsheni nafuta naandika tena nafuta, mara ya mwisho nilishabonyeza kabisa afu nikaitoa baada ya dakika tatu nikawa natetemeka. Naogopa watu wanaonijua watasema kumbe ndo mambo anayowaza huyu. Nifanyeje, au nisubiri nikomae kwanza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuna kitu umekipitia juu juu kama vile ni cha kawaida, umesema zote umezimaliza. Hadithi 14 zenye mwisho, na una miaka 19! Nawajua watu walioanza kuandika zamani sana na kila walichonacho kimekatikia njiani, kwa sababu mwisho ndo mahali pagumu kuliko pote. Kwa hiyo habari ya kusubiri ukomae naiweka pembeni, hakuna siku mtu atakuja kukugongea mlango akwambie sasa umeiva.

Tuje kwenye hofu. Nimesoma barua yako mara tatu na sijaona popote umesema unaogopa hadithi ni mbovu. Unaogopa watu wanaokujua. Hizo ni hofu mbili tofauti na dawa zake hazifanani, ya kwanza dawa yake ni kuandika upya, ya pili dawa yake ni kuchagua nani asome. Mtu anayekujua akishika hadithi yako haisomi, anatafuta nani ni nani humo ndani, huyu shangazi mkali lazima ni shangazi yule, huyu msichana aliyeachwa ni yeye mwenyewe, na hata umwapie kwamba umetunga hatakuelewa. Mgeni hana hiyo kazi. Mgeni anataka kujua tu ikawaje. Kwa hiyo usianzie kwenye ukurasa wako wenye picha za familia na watu uliosoma nao, anzia mahali ambapo watu wamekuja kusoma, kwenye grupu la hadithi au mtandao kama Wattpad ambao tangu 2006 kazi yake ni hiyo hiyo, watu wanaweka sura moja moja na msomaji anaweza kuweka komenti kwenye aya yenyewe iliyomgusa. Na tumia jina la kalamu. Kutumia jina la kalamu sio uongo na sio woga, Mary Ann Evans alitoa riwaya zake kwa jina la George Eliot na ndo jina ambalo wasomaji wanalijua mpaka leo.

Ila nikutahadharishe hapo. Jina la kalamu linakuficha wewe, halimfichi mtu uliyemwandika. Kama umemchukua mtu mzima mzima na kovu lake na kazi yake na siri aliyokwambia wewe peke yako, siku akiisoma atajijua na atakujua. Badilisha mpaka yeye mwenyewe akisoma aone ni mtu mwingine kabisa.

Sasa, ya kuanzia. Usichague ile unayoipenda kuliko zote, hiyo ikiguswa itakuuma mno na hutasikia unachoambiwa. Chukua fupi, iache wiki mbili bila kuifungua, halafu jifungie mahali uisome kwa sauti. Pale ulimi unapojikwaa ndo pana shida, hata kama macho yalikuwa yanapita vizuri. Rekebisha, afu tafuta msomaji mmoja tu, awe mtu anayependa kusoma hadithi, na usimuulize imekaaje maana atakwambia nzuri. Muulize ulichoka wapi. Ni swali linalouma kidogo kulitoa mdomoni ila ndo lenye faida, sababu kila mtu anajua alipoanza kusoma huku anawaza mambo mengine.

Mimi hadithi yangu ya kwanza niliposti nikakaa usiku mzima nafungua na kufunga ukurasa. Walisoma watu wawili. Wawili! Mmoja hakuandika kitu, wa pili akaandika mstari mmoja kwamba mama kwenye hii hadithi mbona haongei hata mara moja. Nikarudi kuangalia, kweli, kurasa sita, mama anapika anafua analia, hajapewa hata sentensi moja. Niliiandika upya yote kwa ajili ya komenti hiyo, na mpaka leo nikimaliza hadithi huwa naangalia nani sijamwacha aongee. Ndo maana nakwambia kwa sasa usihangaike na umati, mmoja anayesoma kweli anatosha kukufundisha kitu.

Na ukishabonyeza, toka. Zima data, weka simu chini, anza ya 15. Zile dakika tatu ulizokaa unatetemeka ulikuwa unaangalia kioo, na kwenye kioo hakuna kitu cha kukusaidia.

SWALI: Habari dada. Niliandika hadithi ya mapenzi sehemu 8 nikaiweka kwenye grupu, nikapata wasomaji wazuri tu. Baada ya muda binamu yangu akanitumia hiyo hiyo hadithi ameikuta grupu lingine la WhatsApp, jina langu limetolewa limewekwa jina na namba ya mtu mwingine, na anawaambia watu walipie ndo awape mwisho. Mwisho wenyewe nimeuandika mimi!! Sikuisajili popote. Nina haki yoyote au ndo nimeshaumia?

JIBU: Pole sana, na hasira yako ni ya haki kabisa. Hii kitu ya kufuta jina la mtu na kusambaza imezoeleka mpaka watu wanaona ni kawaida, na sio kawaida, ni wizi.

Haki unayo. Kuna mkataba wa kimataifa unaitwa Mkataba wa Berne, wa mwaka 1886, na sasa hivi nchi zaidi ya 180 zimo. Kanuni yake kubwa ni kwamba kazi inalindwa yenyewe bila kusajiliwa popote wala kuandika alama yoyote. Ukishaiandika ni yako. Ulinzi huo kwa uchache ni maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na nchi nyingi zimeongeza zikafika 70. Mkataba huo huo unakupa haki nyingine ambayo watu hawaijui, haki ya kutajwa kwamba wewe ndo mwandishi, yani hata asingechukua hela ya mtu, kule kufuta tu jina lako ni kosa tayari. Kinachohitaji kazi ni kuthibitisha. Baadhi ya nchi kusajili kunakupa nguvu zaidi ukifika mahakamani kwa hiyo kama ofisi ya hakimiliki ipo karibu ulizia, ila kutokusajili hakukunyang'anyi kitu.

Kwa hiyo leo leo kusanya ushahidi. Rasimu ya kwanza yenye tarehe usiifute hata kama ni mbaya, poti zako za mwanzo zenye tarehe na komenti za watu zipige skrinshoti, na za yule mwizi zipige pia pamoja na jina, namba na tarehe KABLA hujamwandikia, sababu ukimshtua tu anafuta. Halafu mwandikie admini wa lile grupu, kwa upole, mwonyeshe tarehe mbili, yako na yake. Maadmini wengi hawataki aibu hiyo, wanatoa. Kama imewekwa kwenye ukurasa wa wazi au blogu tumia fomu ya malalamiko ya hakimiliki, mitandao mikubwa yote inayo na ukiitafuta kwenye sehemu ya msaada utaiona. Wanaisikiliza kwa sababu nyingi ni kampuni za Marekani, na kule kuna sheria ya mwaka 1998 inayoitwa DMCA, inawalinda wasishtakiwe kwa kilichowekwa na mtumiaji wao ila kwa sharti kwamba wakipewa taarifa wakitoe haraka. Jaza ukweli mtupu kwenye hiyo fomu, maana unatamka rasmi kwamba kazi ni yako na yule mwingine ana nafasi ya kujibu. WhatsApp ndo pagumu, ujumbe ukishasambazwa grupu hadi grupu hakuna wa kuurudisha, hapo nguvu yako iko kwa maadmini na kwa wasomaji wako mwenyewe.

Nguvu hiyo usiidharau. Waandikie kwenye grupu lako kwa lugha safi bila matusi, waambie hadithi hii ni yangu na mwisho wake huu hapa bure. Uweke mwisho wote. Mtu anayeuza mwisho uliopo bure hana tena cha kuuza.

Siku zijazo jina lako usiliweke juu tu maana ndo mahali pa kwanza panapokatwa, liweke na katikati ya sehemu, kwenye mstari wake peke yake. Na kitu kimoja niwaambie wote mnaoniandikia kwamba mmeibiwa wazo: wazo halina mwenyewe kisheria. Msichana maskini anampenda mtoto wa tajiri, hiyo ni ya kila mtu. Kinacholindwa ni maneno uliyoyapanga, wahusika ulivyowajenga, mtiririko wenyewe ulivyouandika.

SWALI: Nimepata ujumbe kutoka kwa watu wanasema wamesoma hadithi yangu mtandaoni wameipenda sana wanataka kuitoa kitabu, ila nichangie gharama kidogo na nisaini mkataba ndani ya siku mbili. Nakubali?

JIBU: Usisaini. Mchapishaji anayeamini kitabu kitauzika anaweka hela yake mwenyewe na anamlipa mwandishi, anayemtoza mwandishi anauza huduma ya uchapaji. Huduma hiyo sio dhambi ukiitafuta mwenyewe ukijua unachonunua, yani nakala ngapi, karatasi gani, nani anahariri, nani anabaki na haki. Ila anayekuja na sifa nyingi na siku mbili anajua ukipata wiki utauliza watu. Mkataba wowote wenye maneno kama "haki zote" na "daima" usiuguse bila mtu wa sheria kuusoma, hata kama hawakutozi kitu.

SWALI: Dada nisaidie nimekwama vibaya. Nilianza hadithi ya mwendelezo, nilikuwa naandika asubuhi naposti jioni, watu wakawa wengi kweli, kila siku "leta nyingine", "umetupa arosto", nikawa najisikia vizuri mno. Nimefika sehemu ya 23 sijui inaendaje mbele. Nimemuua mhusika sehemu ya 9 na sasa namhitaji. Siku 11 sijaposti, inboksi wananitukana wengine wanasema eti nasubiri nilipwe hela ndo niandike. Naona aibu hata kufungua simu nafikiria kufuta akaunti.

JIBU: Usifute akaunti tafadhali. Sehemu 23 ni kazi ya mikono yako na matusi ya watu kumi hayafai kuipoteza.

Kilichokupata kinawapata karibu wote wanaoandika asubuhi na kuposti jioni, na sio ishara kwamba huna kipaji. Ni namna mwendelezo unavyofanya kazi. Mwandishi wa kitabu akifika sura ya 23 akagundua anamhitaji marehemu, anarudi sura ya 9 kimya kimya anamfufua, msomaji hatajua milele. Wewe sura ya 9 imeshasomwa, watu wamelia, imeshatoka mikononi mwako. Kila ulichoposti kimekuwa ukuta. Ndo maana nawaambia wanaoanza, mwendelezo unaanza kupostiwa ukiwa umeshaumaliza wote, au basi ukiwa na sehemu kumi mbele zimelala na mwisho unaujua kwa sentensi moja. Najua inakata utamu wa kuandika na kusomwa siku hiyo hiyo, huo utamu naujua, lakini ndo huo uliokufikisha hapa.

Na aibu uipunguze kwa kujua kwamba hili jambo ni la zamani. Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza, alianza riwaya yake ya kwanza mwaka 1836 kwa vijitabu vya kila mwezi, watu wanasubiri kama wanavyokusubiri wewe. Mei 1837 mdogo wake mke wake akafariki ghafla, msichana wa miaka 17 aliyekuwa akiishi nao na aliyempenda sana, na Dickens akashindwa kuandika, mwezi wa Juni hakikutoka kitu. Akawaeleza wasomaji kilichotokea, akarudi, wasomaji walikuwepo na riwaya ikamalizika mwaka huo huo. Na ya mwisho kabisa hakuimaliza, alikufa 1870 akiwa ameandika sehemu sita tu kati ya kumi na mbili, na mpaka leo watu wanabishana ingeishaje. Kwa hiyo msomaji wa mwendelezo siku zote anakopesha imani kidogo, na anajua hivyo hata kama inboksi anaongea vingine.

Ufanye nini sasa. Leo andika ujumbe mfupi, usijitetee na usidanganye kwamba unaumwa: nimekwama, narudi kupanga hadithi vizuri, sehemu ya 24 itatoka tarehe fulani. Weka tarehe ya mbali kuliko unavyodhani unahitaji, hata mwezi na nusu. Halafu matusi usiyajibu, mtoe anayetukana, hujachukua hela ya mtu na huna deni. (Kama kuna aliyelipia mapema huyo ni habari nyingine, mrudishie au mpe tarehe, yeye peke yake.)

Halafu kaa chini usome sehemu zote 23 kutoka mwanzo ukiwa na daftari, usiandike hadithi, andika maswali uliyoyaacha wazi. Barua ilitumwa sehemu ya 4, nani aliipata? Yule dereva aliona nini? Nakuhakikishia utakuta vitu umevipanda ukavisahau, na mara nyingi njia ya kutokea iko kwenye kimoja wapo, sio kwenye kitu kipya. Kuhusu marehemu wako, jiulize unamhitaji yeye au unahitaji kitu alichokijua. Maana alichokijua kinaweza kubaki kwenye simu yake, kwa dada yake, kwenye deni aliloacha. Kumfufua naogopa, msomaji aliyelia sehemu ya 9 ataona umemchezea machozi yake na hatakuamini tena ukiua mwingine. Ukishaona njia, andika mpaka mwisho kabla hujaposti hata moja, na ukirudi posti siku maalum, mara mbili kwa wiki inatosha kabisa.

SWALI: Mimi ni mshairi. Naposti mashairi napata "noma sana" na "moto" na vikopa, nashukuru, ila sijui hata wamesoma au wamepita. Juzi mmoja akaandika "hili sio shairi ni takataka, vina viko wapi". Wiki nzima sijaandika kitu. Niache?

JIBU: Usiache ndugu yangu. Ila hiyo komenti tuipasue, kwa sababu ndani yake kuna tusi na kuna swali, na vitu viwili hivyo havikutakiwa kufika pamoja.

Takataka ni tusi, litupe. Vina viko wapi ni swali, na kwenye Kiswahili ni swali zito ambalo watu wazima wamegombana nalo miaka mingi. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi yasiyofuata vina na mizani mwaka 1974 kulikuwa na malenga waliosema kabisa kwamba hayo sio mashairi, wengine wakasema ndo ushairi unapumua, na leo mashairi huru yanasomwa na kufundishwa pamoja na ya arudhi, yani yanayofuata kanuni za vina na mizani. Kwa hiyo wewe kwanza ujue unaandika lipi. Kama ulitaka la arudhi basi aliyekuuliza ana haki, rudi uhesabu, mizani nane na nane kila mshororo, kina cha kati na cha mwisho, na usijidanganye kwamba mmoja ukizidi hautasikika, sikio lililozoea linasikia. Kama ni shairi huru, liandike wazi unapoposti, neno moja tu, "huru", msomaji ajue aje na sikio gani. Ila ukishasema huru usidhani umepumzika, kina kilikuwa kinakubebea muziki na sasa muziki huo inabidi uutoe mahali pengine, kwenye marudio, kwenye picha, kwenye pale unapoukata mstari. Mashairi mengi yanayoitwa huru mtandaoni ni barua ya mapenzi iliyokatwa katwa, nasema kwa mapenzi kabisa kwa sababu nayasoma mengi na yananiuma.

Kuhusu kujibu wakosoaji, mimi nina utaratibu wangu, siku ya kwanza sijibu chochote. Siku ya pili au ya tatu nauliza swali moja: mstari upi? Mwenye hoja atakuonyesha mstari na hapo mnaweza hata kuwa marafiki. Mwenye tusi anapotea, hajawahi kuufikia huo mstari.

Na hao wa "moto" usiwachukie, wanakupa walichonacho. Ukitaka zaidi waombe kitu kidogo ambacho mtu anaweza kujibu akiwa kwenye foleni, mfano beti ipi ungeitoa. Lakini njia ninayoiamini kuliko zote ni kuanza wewe kuwasoma wengine. Kwa kila shairi unaloposti soma matatu ya watu usiowajua, uwaandikie ulichoona kwenye mstari fulani, unukuu mstari wenyewe, sio "hongera mwandishi". Utaona baada ya miezi miwili mitatu watu wanne watano wanakuja kwako na macho ya namna hiyo hiyo. Hao ndo unaowatafuta. Huwezi kuwapata kwa kuwawekea taggi.

SWALI: Habari za kazi. Nilituma mashairi yangu matano kwenye jarida moja la fasihi wakanijibu vizuri tu kwamba mawili wameyapenda lakini hawawezi kuyachukua kwa sababu "yameshachapishwa". Sijawahi kuchapisha popote maishani mwangu! Niliyaweka tu kwenye ukurasa wangu. Wameniongopea au?

JIBU: Hawajakuongopea, na kwanza nikupongeze, mhariri kukwambia ameyapenda mawili ni habari kubwa, wengi wanapata kimya tu.

Majarida mengi yananunua au yanaomba kitu kinachoitwa haki ya kwanza, yani wao wawe wa kwanza kuionyesha kazi kwa umma. Na wengi wao kwa umma wanamaanisha mahali popote mtu yeyote anaweza kufungua akasoma, ukurasa wako wa wazi ukiwemo, hata kama wamesoma watu saba. Grupu lililofungwa ambalo mnasomeana kazi wengine wanalihesabu wengine hawalihesabu, kwa hiyo masharti yao yasome kabla ya kutuma, kila jarida lina yake. Kuna wanaokubali kazi iliyokwisha kupostiwa mradi uwaambie. Kufuta poti na kunyamaza usijaribu, mhariri akitafuta mstari mmoja mtandaoni na ukaibuka, umepoteza zaidi ya shairi.

Kwenye riwaya mambo ni tofauti kidogo. Mwandishi Mmarekani Andy Weir aliiweka riwaya yake ya mwanaanga aliyeachwa peke yake sayari ya Mirihi kwenye tovuti yake mwenyewe, sura kwa sura, bure, wasomaji wanaojua sayansi wakawa wanamsahihisha hesabu zake na yeye anarekebisha. Mwaka 2011 kwa kuombwa na wasomaji akaiweka kama kitabu cha kusoma kwenye Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, kwa bei ya chini kabisa iliyoruhusiwa, ikanunuliwa sana, 2014 mchapishaji mkubwa akaitoa na 2015 ikawa filamu. Mchapishaji wa vitabu akiona wasomaji tayari wapo mara nyingi anafurahi. Jarida la mashairi haliko hivyo, uzuri wake wote uko kwenye kuwa la kwanza.

Kwa hiyo gawa kazi zako mafungu mawili kuanzia leo. Fungu la kuposti, la kujifunzia na kupata wasomaji, na fungu ambalo halijaonekana popote isipokuwa kwa yule msomaji wako mmoja. Andika kwenye daftari lipi liko wapi na ulilituma lini kwa nani, maana baada ya mashairi thelathini hutakumbuka. Na huyo mhariri mjibu leo, mshukuru, mwambie umeelewa, halafu chagua mawili matatu kwenye fungu la pili umtumie yakiwa bado moto, kabla hajasahau jina lako.